Mbwa Mkali Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kumtuliza, Hatua kwa Hatua

Kama mwalimu wa mbwa hapa Uganda, kila wiki napokea ujumbe wa aina moja, uwe umetoka Kira, Entebbe, Mbarara au Arua: "Nimefuata maelekezo wiki mbili, mbwa bado anataka kula watu." Nikiuliza maswali mawili matatu, nakuta kosa ni lile lile. Mwenye mbwa amemkaribisha mnyama kwenye kitu anachokiogopa kabla hajawa tayari. Amemshika kamba, akamvuta hadi kwa mgeni, akamwambia "mzoee." Mbwa hakuzoea chochote. Alichojifunza ni kwamba mgeni akitokea, shingo yake inakabwa.

Kwa hiyo safari hii naandika kila kitu kwa mpangilio, pamoja na sababu zake. Usiruke hatua. Zile za mwanzo hazifanani na mafunzo, na ndiyo maana watu wengi huziruka, lakini kazi yote imesimama juu yake. Jipe miezi mitatu, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni.

## Kabla ya yote: hakikisha si kichaa cha mbwa

Kama mbwa aliyekuwa mpole amebadilika ghafla ndani ya siku chache, acha kusoma mwongozo huu na mfungie. Dalili zinazopaswa kukutia hofu ni hizi: anatokwa na mate mengi, hawezi kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, anauma hata mawe na miti. Usimguse, usimfungue mdomo kuangalia kama amekwamwa na mfupa. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya au wa karibu nawe, na mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji au mtaa, ili majirani wajue.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mwenye kadi ya chanjo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa tarehe alizopangiwa, kwa sababu dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na aangaliwe na daktari kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate yake siku alipouma, na hospitali itaamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Lakini hakuna anayesubiri siku 10 ndipo aanze matibabu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

## Vifaa vya kuandaa

Usianze hata siku moja bila hivi:

- Mkanda wa kifuani unaomkaa sawasawa, na mkanda wa kawaida wa shingo, ule bapa. Ukikosa wa kifuani, fundi viatu anaweza kuushona kwa utepe mgumu wa mabegi.
- Kamba mbili: moja ya mita 2 ya kutembea, nyingine ya manila ya mita 8 au 10 ya mazoezi.
- Kikapu cha mdomo, yaani kifuniko chenye matundu kinachomruhusu mbwa kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya usikitumie kwenye mazoezi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na ukimbana mdomo kwenye jua la saa saba mchana unaweza kumuua.
- Nyama ya kumtuza. Mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu ni bei nafuu na hukatika vizuri. Kata vipande vidogo kama punje ya maharage, utahitaji 50 au 60 kwa siku. Maini yawe ya kazi ngumu. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa wanafaa, ila mkono wako utanuka hadi jioni.
- Kifuko cha kiunoni, ili nyama itoke ndani ya sekunde moja.
- Mabati, mkeka au shashi ya kuziba matundu ya geti.
- Daftari na kalamu.

Fimbo, mnyororo wa kunyonga na mkanda wa umeme viache dukani. Vinamnyamazisha mbwa mbele yako, na hofu inabaki mle mle ndani. Siku usipokuwepo, anayelipa ni mtoto au dada wa kazi. Na wale wanaomlisha mbwa pilipili ili "awe mkali": pilipili inamchoma tumbo tu. Mbwa mwenye maumivu ni hatari kwa mwenyewe kabla ya kuwa hatari kwa mwizi.

## Hatua ya 1: Mpeleke kwa daktari

Maumivu ndiyo chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Sikio lililooza ndani, jino lililovunjika, nyonga inayouma, homa ya kupe. Kwa hapa Uganda naongeza nzi wa maembe, ambaye mabuu yake huingia chini ya ngozi na kuvimba kama majipu. Mbwa anaumwa kila anapoguswa tumboni, kisha tunasema "amekuwa na roho mbaya."

Mwambie daktari wazi kwamba mbwa huyu anauma, ili ajiandae. Omba akague masikio, meno, viungo na ngozi, na apige chanjo ya kichaa kama muda umepita. Usimpe mbwa dawa zako za maumivu, maana paracetamol na ibuprofen humdhuru vibaya.

Watu huuliza kuhusu kuhasi. Kuhasi hupunguza kuzurura na ugomvi wa madume kwa madume. Hakumponyi mbwa anayeuma kwa woga, kwa hiyo usihasi ukadhani umemaliza.

Umefaulu hatua hii daktari anaposema hana maumivu, au anapokuwa ameshatibiwa.

## Hatua ya 2: Zuia jino la leo

Hatua hii haina ufundi wowote, ni kupanga nyumba tu. Kila mara mbwa anapobweka na kurukia, anakuwa amefanya mazoezi ya jambo lile lile unalotaka kuliondoa.

Fikiria bodaboda anayepita mbele ya geti. Mbwa anabweka, boda anapita zake. Boda angepita hata kama mbwa angekuwa amelala, lakini mbwa hajui hilo. Yeye anaona amemfukuza. Akishinda mara 40 kwa siku, mara 40 amepewa zawadi, tena na wewe ukiwa kazini. Ziba geti kwa mabati hadi chini ili asione barabara. Kelele zitapungua siku hiyo hiyo.

Kisha weka vizuizi viwili kati ya mbwa na watu: banda lenye komeo, halafu wavu au mlango mwingine. Kimoja kikisahaulika, kingine kipo. Askari, dada wa kazi, watoto, wote waonyeshwe. Mgeni akija, mbwa afungiwe kwanza, ndipo geti lifunguliwe. Mtoto asiachwe peke yake na mbwa huyu hata kwa dakika moja ya kwenda kupokea simu.

Mnyororo uondoe. Mbwa aliyefungwa mnyororo anajua hana pa kukimbilia, na mnyama asiye na pa kukimbilia hubakiwa na meno. Kama huna banda, mtandazie waya mrefu juu ya ua na kamba itelezeshe humo, huku ukitafuta mbao za banda.

Mpe siku 14 za kupumzika. Alishwe kwa saa maalumu, mara mbili kwa siku, posho (ugali) na mukene au chochote mnachompa, ila ashibe. Alale mchana mahali pa kivuli na kimya. Mtembeze saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ikiwa tupu. Mwili uliojaa woga hautulii kwa usiku mmoja, na mbwa aliyetishwa mara tatu leo kesho huuma kwa jambo dogo ambalo jana angelipuuza.

Umefaulu siku 14 zinapopita bila kumrukia mtu. Zikipita tano akarukia, anza kuhesabu upya.

## Hatua ya 3: Andika daftari

Kila anaponguruma au kubweka kwa ukali, andika mambo manne: nani au nini kilikuwepo, umbali wa hatua ngapi, kilikuwa kinafanya nini, na dakika kumi kabla ya hapo nini kilitokea. Mistari mitatu inatosha.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza. Mama mmoja wa Kyaliwajjala aliniita kwa sababu ya mbwa wake, Simba. Askari wake alinipokea getini na hukumu tayari: "Mwalimu, huyu hapendi wanaume. Ni wanaume tu." Mama naye aliamini hivyo. Nikawaomba waandike kwa wiki mbili, askari akaandika vizuri kuliko sote. Tulipofungua daftari, fundi bomba alikuwa ameingia na kutoka bila shida. Mchungaji pia. Aliyeleta gesi alirukiwa. Aliyeleta chakula alirukiwa. Binti wa mama, aliporudi chuo kwa boda na kushuka bila kuvua kofia, naye alirukiwa, na yeye ndiye aliyemlea.

Simba hakuwa na neno na wanaume. Alikuwa anaogopa kofia ngumu za pikipiki, kichwa kikubwa kisicho na uso. Bila daftari tungetumia miezi mitatu kumzoesha wanaume.

Ukisoma maandishi yako, tafuta mbwa wako yuko wapi kati ya aina hizi nne. Anayeogopa hurudi nyuma kisha hurukia mtu akigeuka. Mlinzi wa chakula huganda juu ya bakuli. Mwenye kulinda eneo ni mkali ndani ya geti na mpole nje. Na kuna yule anayemgeukia aliye karibu: amezuiwa kumfikia mbwa wa jirani, akamuuma aliyeshika kamba. Wengi ninaowaona ni wa kwanza. Walitolewa kwa mama yao wadogo, wakafungiwa bandani, na kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 14, ambapo mtoto wa mbwa huzoea dunia, kikapita wakitazama ukuta. Leo wanaogopa mwavuli.

## Hatua ya 4: Jifunze lugha ya mwili wake

"Aliuma bila onyo." Nasikia hivyo mara nyingi, na karibu kila mara onyo lilikuwepo.

Mbwa huanza kwa adabu. Anageuza uso. Analamba pua ilhali hakuna chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Halafu anaganda, mdomo unafungwa, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Kisha ndiyo ngurumo, meno, na mwisho kuuma. Mkia unaotikisika usikudanganye. Ukiwa juu, mgumu, ukitikisika haraka haraka kama fimbo, huo ni mvutano.

Hapa kuna onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Ngurumo ni mbwa anayesema "tafadhali, hapo hapo." Ukimchapa, ataacha kunguruma, na wewe utadhani umeshinda. Kesho ataganda sekunde moja na kuuma. Umemwondolea king'ora, moto ukabaki. Akinguruma, simama, geuka kidogo upande, ondoka au mwondoe mtu, halafu andika daftarini.

Umefaulu unapoweza kusema "anakaribia kunguruma" kabla hajafanya hivyo.

## Hatua ya 5: Kikapu cha mdomo, kwa raha yake

Usimvishe kwa nguvu siku ya kwanza, maana utapoteza mwezi mzima. Siku mbili za mwanzo weka kipande cha ini ndani ya kikapu, mwachie aingize pua mwenyewe na kutoa. Siku ya tatu na ya nne mpitishie vipande kwenye matundu pua ikiwa ndani. Kisha gusa mikanda bila kufunga. Kisha funga kwa sekunde tano, fungua. Ongeza taratibu hadi dakika kumi, huku akitembea na kula.

Akijifuta usoni kwa makucha, umekwenda mbio, rudi nyuma siku moja. Akikiona kikapu na kuja mwenyewe kuingiza pua, umemaliza.

Kikapu ni bima tu. Hakikupi ruhusa ya kumsogeza karibu na anachokiogopa.

## Hatua ya 6: Nyumba nzima itumie neno moja

Nyumba zetu zina lugha nyingi. Askari anamwita mbwa kwa Kiganda, "jangu," watoto wanapiga kelele kwa Kiingereza, mama anasema "njoo," baba anapiga mluzi. Mbwa anachagua kutosikia, na huwezi kumlaumu.

Kaeni pamoja mchague maneno matatu, lugha yoyote: la kuita, la kukaa, na la kugeuka na kuondoka. Andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani. Fundisha ndani ya ua, pasipo na kitu cha kumtisha. Sema neno mara moja, msubiri, akifanya mpe nyama. La muhimu kuliko yote ni la kugeuka: unatembea naye, unasema neno, unageuka na kuondoka upesi kwa furaha, akikufuata anakula vipande vitatu mfululizo. Siku moja litakuokoa barabarani.

Umefaulu akigeuka mara tisa kati ya kumi, kwa kila mtu mzima wa nyumba.

## Hatua ya 7: Umbali

Hapa ndipo watu huanguka, kwa hiyo nakwenda polepole.

Kila mbwa ana mstari wake. Upande wa huku wa mstari, anakiona kitu, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kula na kusikia jina lake. Akiuvuka, hali hata maini, hasikii, macho yamekaza. Kazi yote inafanyika upande wa huku. Ukivuka mstari, hufundishi chochote, unamwongezea hofu tu.

Kipimo ni rahisi: je, anakula? Mbwa anayependa mapafu akiyakataa, uko karibu mno. Akila kwa kupokonya na kukuuma vidole, uko ukingoni.

Shida ya wengi wetu ni nafasi. Ploti ya futi 50 kwa 100, toa nyumba, toa choo, toa banda la kuku, hubakiwi na hatua 20. Kama mstari wa mbwa wako uko hatua 30, ua wako hautoshi. Tafuta uwanja wa mpira au wa kanisa alfajiri, ukimvisha kikapu, na nenda na mtu wa pili wa kukusaidia.

Kwa Simba tulifanya hivi. Nafuata mfano wake, wewe badilisha kofia na chochote daftari lako lilichosema.

Kwanza, kitu bila mtu. Kofia ya pikipiki iliwekwa juu ya stuli, hatua 25 mbali. Simba akatokea kwenye kona, akaiona. Mara tu alipoiona, vipande vitano vya nyama, kimoja kimoja. Kisha tukarudi nyuma ya kona, kofia ikapotea, nyama ikakoma. Mapumziko. Tena. Mara kumi, dakika tano, basi.

Mpangilio huo ndio unaobeba kila kitu. Kofia kwanza, nyama baadaye. Ukimpa nyama kwanza halafu kofia itokee, atajifunza kuwa nyama ni mtego, na ataanza kuogopa hata mfuko wako. Kofia iwe ndiyo inayoleta nyama.

Pili, subiri alama. Siku ya nne, Simba alipoiona kofia alifanya jambo dogo: aligeuza kichwa akanitazama. Kama anauliza, "Ile pale. Nyama yangu iko wapi?" Hiyo ndiyo alama ya kufaulu, na nakiri kwamba kila ninapoiona kwa mbwa wa mtu yeyote, moyo wangu hufurahi upya. Akifanya hivyo mara nane kati ya kumi, siku mbili mfululizo, ndipo unasogea hatua mbili. Mbili tu.

Tatu, badili jambo moja kwa wakati. Kofia juu ya stuli haifanani na kofia kichwani. Mtu alipoivaa, tulirudi hadi hatua 25. Alikuwa amekaa. Aliposimama, tulirudi tena. Alipotembea, tena. Pikipiki ikiwa imezimwa, tena, halafu injini ikawashwa, tukaanzia hatua 40 kwenye uwanja. Watu huona huku ni kurudi nyuma. Mbwa anaona kila kimoja ni kitu kipya, na kila kipya kinachukua siku chache kuliko kilichotangulia.

Nne, mambo yakiharibika. Siku moja boda alikatiza uwanjani bila taarifa, Simba akalipuka. Usipige kelele, usivute kwa mishtuko. Sema neno la kugeuka, ondoka naye, maliza kazi ya siku hiyo. Kesho yake mpumzishe. Keshokutwa anza kwa umbali mara mbili ya ule wa mwisho.

Makosa matatu nayaona kila mara. Kikao kirefu: dakika tano zikienda vizuri, mtu anataka ishirini, na ya kumi na nane inaharibu zote. Kamba iliyokazwa: mkono wako ukikaza, mbwa anasikia hofu yako kwenye mkanda, kwa hiyo acha kamba ilegee kama tabasamu. Na ubahili, kwani mwenye kutoa kipande kimoja kwa kazi ya vipande vitano asishangae mbwa akichagua kubweka.

Simba alichukua wiki tisa. Nimemwona mwingine Ntinda aliyechukua tatu, na mmoja Jinja aliyechukua miezi saba.

Ukikata tamaa, ujue kuwa Gulu kuna mradi ulioanzishwa na Francis Okello Oloya ambapo mbwa, wakiwemo waliookotwa mitaani, hufundishwa kisha hukaa na watu waliojeruhiwa nafsi na vita. Mbwa koko wa jana anakuwa mfariji wa mtu. Wanafika huko kwa siku nyingi za kazi ndogo ndogo kama hii.

## Hatua ya 8: Kama analinda chakula

Usiingize mkono kwenye bakuli "ili azoee." Anachozoea ni kwamba mkono ni mwizi.

Pita umbali ambao haachi kula wala hagandi, tupa kipande cha ini karibu na bakuli, endelea na safari yako. Kila mlo mara tano. Baada ya siku kadhaa atainua kichwa akikuona, akingoja. Sogea nusu hatua. Mfupa ukitaka kuuchukua, mpe kitu bora zaidi upande mwingine, kisha umrudishie mfupa. Watoto hawahusiki na zoezi hili hata kidogo. Mbwa ale mahali pake, peke yake, mlango umefungwa.

## Hatua ya 9: Mgeni ndani ya geti

Fanya hivi pale tu hatua ya 7 imekamilika. Mbwa awe na kikapu na kamba, mtu mzima ameishika. Mgeni aingie, akae kwenye kiti, asimtazame mbwa machoni, asimwite, asinyooshe mkono. Arushe vipande vya nyama nyuma ya mbwa, ili mbwa aondoke kwenda kuvila na kurudi kwa hiari yake. Kumrushia mbele ya miguu ya mgeni ni kosa: tamaa inamleta karibu, nyama inaisha, anagundua yuko chini ya mtu asiyemjua.

Dakika tano, kisha mbwa arudi bandani akiwa bado ametulia. Wageni watatu tofauti kwa wiki wanatosha.

## "Je, ataendelea kulinda nyumba?"

Ataendelea. Masikio yake hayajafundishwa kulala. Atabweka mtu akiruka ukuta usiku, na kubweka ndiyo kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani. Unachompunguzia ni kumla anayeleta gesi saa nne asubuhi. Hata mbwa wa polisi anathaminiwa kwa kuwa akiitwa anaacha, na asiyeacha hafai kutoka naye barabarani. Mlinzi wako wa usiku naye anataka kuzunguka ua bila kuogopa mgongo wake.

## Wakati wa kusimama

Kuna mbwa ambao sitakushauri uendelee nao peke yako. Ameuma zaidi ya mara moja hadi meno kuzama. Anauma na kung'ang'ania, haachii. Hatoi onyo lolote hata kwa macho yaliyojifunza hatua ya 4. Na nyumbani kuna watoto wadogo ambao hamwezi kuwatenga naye. Hata moja kati ya hayo likiwepo, kaa na daktari wa mifugo kabla ya kufanya zoezi lolote.

Usimpeleke kijijini kwa bibi ukanyamaza kuhusu alichofanya. Usimtupe sokoni usiku. Usimwekee sumu, ambayo ni kifo kirefu cha mateso, na kuku na mtoto wa jirani wanaweza kuipata. Daktari akiona hakuna njia salama, ipo sindano inayomlaza bila maumivu, nawe unaweza kukaa naye, mkono wako kichwani mwake. Nimekaa hivyo mara mbili. Wenye mbwa hao walikuwa wamefanya kila lililowezekana, na sikuona aibu yoyote kwao.

## Baada ya kufaulu

Beba nyama kwa miezi sita zaidi, vipande vichache, bila ratiba. Weka mabati ya geti yalipo. Daftari lisifungwe, bali andika mara moja kwa wiki.

Jihadhari na majira. Shule zikifungwa, nyumba inajaa watoto na wageni. Usiku wa mwaka mpya kuna fataki, na mbwa aliyetulia miezi minne anaweza kurudi mwanzo kwa saa moja ya milipuko. Mfungie ndani mapema, redio iwe juu kidogo, mtu akae naye.

Yule mama wa Kyaliwajjala haachi bahati ifanye kazi. Wiki moja kabla ya shule kufungwa anatoa ile stuli uani, anaweka kofia juu yake, na askari anatembea na Simba hatua 25 mbali, mfuko wa mapafu kiunoni. Mara ya mwisho nilipopita, Simba aliitazama kofia, akamtazama askari, na askari akasema kabla sijauliza: "Leo tunaanzia kumi na tano, mwalimu. Jana alikuwa sawa."